Jawabu la Pili

Mgeni aingiaye katika lugha yetu hufundishwa kwanza kusalimu, na katika kusalimu hufundishwa kwanza kujibu sijambo. Mtu aweza kuwa ametoka hospitali jana, au mwanawe yu kitandani, au hana posho ya jioni. Akiulizwa hujambo, hujibu sijambo. Huo si uwongo. Ni heshima ya mlangoni, kwani mtu hamtwishi mwenzake mizigo yake hali wote wawili wangali wamesimama. Wakiisha kuketi, na maji yakiisha kunywewa, ndipo lijapo neno la pili, ambalo aghalabu huanza na ila. Sijambo, ila mguu. Hatujambo, ila mvua. Kila msemaji wa lugha hii ajua kwamba habari imo katika jawabu la pili, na kwamba aondokaye baada ya la kwanza hakuja kutafuta habari.

Nataka kuitumia desturi hii ndogo kushindana na watu ambao katika hesabu wamenipita mbali, lakini ambao, kwa maoni yangu, wameondoka mlangoni mapema. Hao ni wapimaji wa maisha mema: wale wachukuao mji mzima, au jimbo zima, wakalipima kwa mapato, shule, hospitali, usalama na hewa, wakajumlisha, wakagawanya, kisha wakatangaza kwamba mahali fulani ni pa kwanza na mahali fulani ni pa arobaini. Mkaazi akisema neno lililo kinyume cha hesabu yao, huambiwa kwamba hajui hali yake mwenyewe.

Mfano wangu ni jimbo la Wisconsin katika Marekani. Naliishi huko miaka kadhaa nikifundisha Kiswahili katika mji mkuu wake, Madison, ambao chuo kikuu chake kilianzisha idara ya lugha na fasihi za Afrika mwaka 1964. Wisconsin iliingia katika Muungano wa Marekani mwaka 1848, ikiwa jimbo la thelathini, na kwa hesabu ya watu ya 2020 ina wakaazi wapatao milioni 5.9. Ni nchi ya maziwa kwa maana zote mbili za neno letu: maziwa ya maji huhesabiwa kwa maelfu, na sifa ya maziwa ya ng'ombe imeandikwa hata juu ya vibao vya nambari za magari. Wanafunzi wangu walicheka sana walipolitambua jambo hilo, wala hawakulisahau tena neno lile.

Watu wa jimbo hili hubishana bila kuchoka kama kwao ni mahali pema pa kuishi. Mmoja husema hapana mfano wake duniani. Wa pili husema atahama mwanawe amalizapo shule. Wa tatu husema angehama leo kama angekuwa na mahali pa kuhamia. Mwanzoni nalidhani ni tofauti ya tabia tu, kama watu wawili wanaobishana juu ya baridi ya Januari, ambayo kwa hakika yastahili kubishaniwa. Hata wako wenye elimu wasemao kwamba kila mtu ana jicho lake, na hapo mazungumzo hufa. Neno hilo lafanana na uvumilivu, lakini mimi naliona ni uvivu. Mtu mmoja akisema mto una kina, na wa pili akisema maji hayakumfika magotini, hatusemi kila mtu ana jicho lake. Twauliza kila mmoja alivukia wapi.

Tuanze Madison, maana ndipo nilipovukia mimi. Mji umelala juu ya ukanda mwembamba wa ardhi kati ya ziwa Mendota na ziwa Monona, na jengo la Bunge la jimbo limesimama mahali paonekanapo kutoka kila upande. Mwaka 1996 jarida la Money liliutangaza mji huu kuwa mahali pa kwanza pa kuishi katika Marekani yote, na tangu hapo jina lake limetokea mara nyingi katika orodha za namna hiyo. Sina haja ya kukana. Nimetembea jioni kando ya maziwa hayo na mabegi ya vitabu vya kuazima, nikirudi katika nyumba yenye joto. Jawabu langu la kwanza ni sijambo, na ni la kweli.

Lakini mwaka 2013 shirika moja la kutetea watoto wa Wisconsin lilitoa taarifa juu ya wilaya ya Dane, ambamo Madison imo. Mwaka 2011, kati ya watu weusi wa wilaya ile waliokosa kazi walikuwa asilimia 25.2, kati ya weupe walikuwa asilimia 4.8. Watoto weusi waliohesabiwa kuwa maskini walikuwa karibu robo tatu yao. Watoto weupe walikuwa asilimia 5.5. Tulitazame jambo hili kwa utulivu. Watu weusi walikuwa sehemu ndogo tu ya wakaazi wa wilaya, kwa hiyo taabu yao ilipotiwa katika chungu cha wastani haikubadili ladha ya mchuzi. Mji ukaendelea kushinda. Na taarifa ile haikuwa na jipya kwa mama mweusi aliyekuwa akiishi upande wa kusini wa mji. Mpya ilikuwa kwetu sisi tuliokaa naye mji mmoja tukisoma orodha.

Ubishi huu ni wa zamani kuliko orodha zenyewe. Mashariki ya Madison, mwendo wa maili 80 hivi, uko mji mkubwa wa jimbo, Milwaukee. Mwaka 1956 Vel Phillips alichaguliwa kuingia katika baraza la mji huo, mwanamke wa kwanza na mtu mweusi wa kwanza kufika hapo. Mwaka 1962 alileta pendekezo la sheria ya kukataza ubaguzi katika kuuza na kupangisha nyumba. Kura zilikuwa 18 kwa 1, na ile moja ilikuwa yake. Akalileta tena, likakataliwa tena. Tarehe 28 Agosti 1967 vijana wa chama cha NAACP, pamoja na padri James Groppi, walianza kuandamana kwa kuvuka daraja refu la Mtaa wa 16, lililotenga watu weusi wa kaskazini na weupe wa kusini. Walipokewa kwa mawe na chupa. Wakarudi kesho yake, na kesho kutwa, hata zikatimia siku 200. Sheria ya mji ilipita mwezi Aprili 1968. Mtu angeupima wastani wa maoni ya baraza mwaka 1962 angeupata bila shida, na asingekuwa amejua lolote juu ya kuishi Milwaukee.

Sasa twende mashambani, ambako wasomi wengi wa Madison hupita kwa gari wakielekea kupumzika kando ya maziwa ya kaskazini.

Mwanzoni mwa karne hii Wisconsin ilikuwa na mashamba ya ng'ombe wa maziwa zaidi ya 15,000. Kufikia mwaka 2024 yalikuwa yamebaki chini ya 6,000. Lakini maziwa yenyewe hayakupungua. Yaliongezeka, kwa kuwa mashamba yaliyobaki ni makubwa na kila ng'ombe hukamuliwa zaidi kuliko zamani. Mpimaji wa uchumi huandika kwamba uzalishaji umepanda, naye hasemi uwongo. Mtu wa kijijini, kama angeulizwa, angesema kwamba jirani zake wanne wameuza ng'ombe, kwamba shule ya watoto imeunganishwa na shule ya mbali, kwamba aliyekuwa akitengeneza matrekta amefunga karakana yake. Wala huyu hasemi uwongo. Mwaka 2024 hospitali mbili zilifungwa, moja Eau Claire na moja Chippewa Falls, na watu wa vijiji vya kandokando waliozitegemea ikawalazimu kutafuta milango mingine. Sijui ni kwa wastani gani mtu hufarijiwa akiwa njiani usiku na mgonjwa ndani ya gari.

Mwaka 2007 profesa mmoja wa Madison, Katherine Cramer, mzaliwa wa jimbo hilohilo, alianza kufanya jambo ambalo kwetu lingeonekana la kawaida na katika elimu yake lilionekana geni. Alikwenda kuketi na watu. Aliwatafuta mahali wanapokutana asubuhi kwa kahawa, katika mikahawa ya vijijini na vituo vya petroli, akaomba kukaa nao. Akarudi mara nyingine, na nyingine tena. Kitabu chake, The Politics of Resentment, kilitoka mwaka 2016. Aliyoyasikia yalikuwa malalamiko matatu yaliyosukwa pamoja: kwamba uwezo wa kuamua uko Madison na Milwaukee, kwamba fedha huenda huko, na kwamba heshima haiji mashambani.

Cramer alizitazama pia hesabu za serikali, akaona kwamba lalamiko la fedha halikusimama vizuri. Kwa kila kichwa, mashamba hayakupata pungufu ya miji. Hapo wapimaji wakapiga makofi. Mwenzangu mmoja, mtu mwema ambaye nilikula naye chakula cha mchana mara nyingi, aliniambia kwamba basi jambo limekwisha, watu hawa wamekosea hesabu. Nikamwuliza, na malalamiko yale mawili mengine? Akasema kwamba hayo hayapimiki.

Hayapimiki! Laiti angalisema kwamba yeye hana kipimo chake, ningalinyamaza. Mtu aletaye mizani ya dhahabu sokoni, akaambiwa apime joto la mgonjwa, hana haki ya kusema kwamba mgonjwa hana homa. Na hata katika fedha, ambamo mizani yao yafaa, hawakupima vema. Gari la shule lichukualo watoto hamsini wa mtaa mmoja na gari lichukualo watoto kumi waliotawanyika katika maili thelathini hayatumii mafuta yaleyale kwa kila mtoto, na dola moja haitendi kazi moja katika mahali pawili. Tangu mwaka 1993 sheria ya Wisconsin imeziwekea shule za kila mahali kikomo cha fedha ziwezazo kukusanya, na zitakazo kupita kikomo sharti ziwaombe wakaazi wapige kura. Kwa hiyo kijiji chenye watoto wapungukao hujikuta kikipiga kura, mara baada ya mara, kama shule yake yastahili kuishi. Mtu aliyepiga kura hiyo mara tatu ajua jambo moja juu ya hali ya maisha ambalo halimo katika safu yoyote ya orodha.

Nisieleweke vibaya. Kusikiliza si kukubali. Katika mazungumzo ya namna hii nimesikia nami watu wakisema "watu wa Milwaukee" huku macho yao yakionyesha kwamba mji haukukusudiwa. Iliyokusudiwa ni rangi. Mkulima aliyepoteza ng'ombe wake hawezi kumtoza mjane wa Milwaukee deni hilo. Hali kadhalika mwaka 2011, gavana Scott Walker alipozipunguza haki za vyama vya wafanyakazi wa serikali, na makumi ya maelfu ya watu wakajaa katika uwanja wa Bunge, wako mashambani waliofurahi kwamba mwalimu sasa atachangia zaidi pensheni na bima yake. Mwalimu yule alikuwa jirani yao, na mshahara wake ulitumika katika duka lao. Sikupata kuona shamba lililookoka kwa kukatwa kwake. Hasira ilikuwa na sababu, lakini ilipewa anwani isiyo yake. Na walioiandika anwani ile walikuwa watu waliofika mashambani mapema kuliko sisi, wakaketi, wakasikiliza kwa muda uwatoshao kupata kura.

Nimeuweka mpaka sasa mfano ambao ndio ulionifanya niandike. Katika kaskazini-mashariki ya jimbo lipo taifa la Menominee, wenyeji wa asili wa nchi ile, wenye msitu wa eka zaidi ya 200,000 ambao waliutunza kwa namna inayosifiwa hata leo: hukata miti kwa kiasi, na msitu wabaki msitu. Katikati ya karne iliyopita walikuwa na kiwanda chao cha kupasulia mbao, na hospitali yao, na mwaka 1951 walishinda mahakamani madai ya dola milioni 8.5 dhidi ya serikali ya Marekani kwa ajili ya usimamizi mbaya wa mali yao. Wapimaji wa Washington wakawatazama wakasema: hawa hawajambo. Na kwa kuwa walionekana hawajambo, ikaamuliwa kwamba hawahitaji tena ulinzi wa mikataba, wala ardhi isiyotozwa kodi, wala kuwa taifa.

Mwezi Juni 1953 seneta Arthur Watkins wa Utah aliwaendea. Wao walikuwa wakiomba wapewe sehemu ya fedha yao wenyewe, dola 1,500 kwa kila mtu. Aliwafahamisha kwamba ili waipate sharti wakubali kwanza kukomeshwa kwa hadhi yao. Katika mkutano walipiga kura, 169 kwa 5, kukubali; na wengi wao walieleza baadaye kwamba walidhani wanapiga kura ya kulipwa fedha yao. Walipokwisha kufahamu maana yake wakakutana tena, wakapiga kura, 197 kwa 0, kwamba afadhali waikose fedha ile kuliko kukubali. Kura ya kwanza ilipelekwa Washington ikafanyiwa kazi. Kura ya pili haikubadili neno. Sheria ilitiwa sahihi mwaka 1954, na mwaka 1961 taifa la Menominee likageuzwa kuwa wilaya moja ya Wisconsin, ya sabini na mbili.

Yaliyofuata yalikuwa yakitazamiwa na kila aliyesikiliza. Hospitali ilifungwa. Ardhi ilianza kutozwa kodi, na wilaya mpya haikuwa na watu wa kutosha wala mapato ya kuibeba. Ikawa maskini kuliko zote za jimbo, na ili kupata fedha viwanja vya kando ya maziwa vikaanza kuuzwa kwa wageni wenye kutaka nyumba za mapumziko. Walioshindana na jambo hilo, akiwamo Ada Deer, walikwenda Washington miaka kadhaa, hata Rais Nixon akatia sahihi sheria ya kulirudisha taifa lao tarehe 22 Desemba 1973. Miaka ishirini ilipita tangu mkutano ule wa kura mbili. Watoto waliozaliwa katika kipindi cha katikati hawakuandikwa katika daftari la watu wao mpaka sheria iliporudishwa.

Ndiyo sababu siwezi kuziona orodha kuwa mchezo usiodhuru. Kipimo cha maisha mema, kikiisha kutangazwa, hakikai kimya. Humpa mwenye mamlaka ruhusa ya kuondoka. Huyu hajambo, mwondoleeni. Yule hajambo, fungeni. Wilaya ile ni ya kwanza, hapana haja ya kuuliza tena. Wamenominee walipokonywa kwa sababu ya kipimo kizuri walichopata, na sijaona bado mpimaji aliyejibu hoja hii bila kusema kwamba siku hizi vipimo ni bora zaidi.

Liko pia swali ambalo wapimaji na wabishani wote hulipita haraka: mkaazi ni nani? Uchunguzi wa chuo kikuu cha Wisconsin uliotolewa mwaka 2023 ulikadiria kwamba karibu asilimia 70 ya kazi katika mashamba ya ng'ombe wa maziwa ya jimbo hufanywa na wahamiaji zaidi ya 10,000 wasio na hati. Tangu mwaka 2007 sheria ya jimbo haiwapi watu hao leseni ya udereva. Basi mkamaji huamka usiku wa manane, huendesha gari bila leseni katika barabara ya theluji, hukamua maziwa ambayo sifa yake imeandikwa juu ya kibao cha gari lile lile, na kurudi akiomba asisimamishwe. Hakuwamo miongoni mwa wenye kunywa kahawa asubuhi, kwa kuwa saa hiyo alikuwa amelala. Mimi mwenyewe katika miaka yangu yote huko sikuzungumza na hata mmoja wao.

Wala katika darasa langu sikuwa bora. Mwaka wangu wa pili alikuwako kijana mmoja, mtaratibu, ambaye wazazi wake walikuwa wameuza ng'ombe wao wote majira yale ya baridi; jambo hilo nililijua baadaye sana. Tulikuwa katika somo la tatu. Nikamwuliza, hujambo? Akasema, sijambo, ila. Akanyamaza, akawa analitafuta neno la kufuata katika daftari yake, akifunua ukurasa baada ya ukurasa. Wenzake walikuwa wakingoja. Nikamwambia kwamba kwa leo sijambo yatosha, nikampa zamu mwenzake wa pili.